Bahasha Niliyokataa Kuipokea

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, tarishi wa baraza la mawakili alipogonga mlango wangu hapa Likasi, mkononi ana bahasha kama hiyo unayoificha chini ya kalenda yako. Toga yangu, joho letu la uwakili, ilikuwa mpya bado kama yako. Nilijua ndani mna nini. Mama mmoja wa mtaa wa Shituru alikuwa amenishtaki kwa batonie, mkuu wetu sisi mawakili. Mwanawe, niliyekuwa wakili wake, alifungwa katika gereza la Buluo, na muda wa rufaa yake ulipita mimi nikiwa kando ya ziwa Tshangalele, nala samaki na marafiki, maji yametulia hata nikasahau kwamba siku zina hesabu. Niliporudi nilimwambia yule mama, "Rufaa iko njiani." Miezi mitatu nikamwambia hivyohivyo.

Nilikataa kutia sahihi. Ndio ujanja niliowafundisha wateja wangu: usiposaini, hujapokea. Tarishi akaiacha bahasha mezani akaenda zake. Ah, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku kadhaa nilitembea kama niko ndotoni. Kila treni ikipita, nilisikia jina langu likifutwa kwenye orodha ya mawakili.

Aliyenizindua ni Maître Ngalula, wakili mkongwe, mama aliyenilea kazini. Aliiona ile bahasha, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mutoto, uko na woga ya batonie ao ya ile mama?"

"Ya bote babili, Mama."

"Conseil, ile baraza yetu, itangoja. Ile mama njo amengoja sana. Enda kwake leo, umwambie kweli. Kisha tutafungula barua."

Nikaenda. Nilimkuta anachekecha unga. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Basi mutoto wangu atabakia mule?" Nikasema ndiyo. Aibu ile ninayo mpaka leo. Jioni tukaifungua barua na Maître Ngalula: iliniita mbele ya baraza.

Siku ya baraza mlango ulifungwa, hapakuwa na watazamaji. Mwenzetu aliyepewa kazi ya kuchunguza alisoma malalamiko, nikaulizwa, nikajibu, Maître Ngalula akanitetea, mwisho nikaachiwa neno la mwisho. Wangeweza kunionya, kunikaripia, kunisimamisha au kunifuta kabisa. Walinisimamisha miezi sita. Walisema wasingenihurumia kama nisingemwendea yule mama mwenyewe. Miezi ikaisha, nikarudi kazini. Kijana wa Buluo alikimaliza kifungo chake chote.

Kwa hiyo sikudanganyi kwamba haiumi. Jibu ndani ya muda waliokupa, uombe kulisoma faili lako lote. Usimsingizie karani, wazee wale wamewasikia makarani wengi wakisingiziwa. Na usijitetee peke yako, mganga hajigangi. Ukiona umeonewa, rufaa ipo kwako pia, basi zihesabu siku zake vizuri kuliko nilivyohesabu mimi.

Lakini kabla ya hayo mtafute uliyemuumiza. Mimi nilichelewa. Bahasha yako imekuja juzi tu, na pengine muda wa mteja wako haujaisha. Hilo hutalijua mpaka uifungue.

Itoe hapo chini, mwanangu. Mungu akutulize mikono uifungue, akupe na miguu ya kufika kwa mwenye kilio wakati bado una la kumfanyia.