Aliyeniita Mgodini

Walisema sitashuka. Mama Wambui, nesi Mkenya aliyekaa ghorofa ya juu yetu, alilisema barazani watu wote wakisikia: "Huyu kijana? Si alikataa lifti ya hospitali tukapanda ngazi na yeye, mguu una plasta! Ati leo aingie chini ya ardhi?" Baba Fiston, jirani yetu Mkongo, alicheka mpaka akashika ukuta. Hata baba yangu, mtu asiye na maneno mengi, alisema, "Nestori atafika mlangoni, kisha atarudi kukaa ndani ya basi."

Leo naandika haya nikiwa nimekaa chini ya diploma yangu ya umeme. Niliihangaikia Houston kwa jasho langu, bila mjomba wa kunishika mkono, na nikarudi nayo Dallas ikiwa ndani ya fremu ya kioo. Nimefunga nyaya na taa kwenye maghorofa ambayo waliocheka siku ile waliyaona tu kutoka barabara kuu. Lakini nisiwasingizie. Wakati ule niliogopa giza kuliko njaa, na njaa niliijua vizuri tangu kambi ya wakimbizi Kigoma.

Mliokulia Vickery Meadow, mtaa wetu wa Dallas, pamoja nami mnakumbuka. Maegesho ya magari ndiyo yalikuwa uwanja wetu wa mpira: goli moja gari bovu lisilo na mwenyewe, goli la pili pipa la takataka. Lami iliungua mpaka raba zetu zikaacha ngozi. Harufu za maharage ya Warundi, sombe, kile kisamvu cha Wakongo, na chapati za Wakenya zilishuka kwa ngazi moja, na mtoto mwenye akili alijua ajikwae mlango gani. Jioni ilipofika, kazi ya kuita ilianza. Mama alitoka barazani, akajaza kifua, jina likaruka uwanja mzima, nasi tukajua ni nani anatakiwa, na kwa sauti ile tukajua kama anaitiwa chakula au fimbo. Siku hizi dada yangu humtumia binti yake ujumbe wa simu kwamba chakula kipo mezani, na binti yuko chumba cha pili. Naye hujibu kwa picha ya dole gumba. Dole gumba! Sisi tungejibu hivyo, tungepata kofi la shavu.

Katika waitaji wote, hakuna aliyemfikia bibi yangu. Bibi hakuongeza sauti, aliivuta. "Nestorii, wee!" Ile "wee" ilipanda mwishoni kama kifuniko cha sufuria kinapoinuliwa na mvuke. Alikuwa na sheria mbili kuhusu kuitwa. Ya mchana ilikuwa ile mnayoijua nyote: usikatae wito, kataa neno. Ukiitwa, itika kwanza. Unaloitiwa utalikataa baadaye, kwa heshima. Sheria ya pili ilikuwa ya giza. Gizani ukisikia jina lako, nyamaza. "Mtu wako atakuita mara tatu," alisema Bibi, akipepeta mchele utadhani anaongelea mchele. "Kisicho mtu huita mara mbili, ya tatu hakiiwezi. Ukikiitika, umekipa njia." Ndugu wa rika langu, msijifanye wasomi hapa. Nanyi mlifundishwa hivyo hivyo.

Basi parokia ikatangaza safari ya watoto: siku moja, kwenda na kurudi, kutembelea mgodi wa zamani wa chumvi upande wa Houston. Chini ya nchi ile tambarare kuna milima ya chumvi iliyozama, na watu waliichimba miaka mingi kabla ya mgodi kufungwa na kufanywa mahali pa kutembelea. Nikajiandikisha kwa hasira tu, kwa sababu ya kile kicheko cha barazani.

Sikuwa na kitu cha safari, na nyumba yetu ilifanya kama ilivyozoea: ikaniazima. Baba Fiston alileta koti lake nene la kazi ya ghala. "Mutoto, hii koti unichungie," alisema. "Inirudilie ile ile, hapana nyingine." Mama Wambui, aliyekuwa mmoja wa walezi wa safari, akanipa tochi yake ya zamu. "Shika. Ukilia nitakurekodi," akanitania. Bibi hakuwa na kitu cha kuazima. Alinishika sikio, akalivuta kidogo, akasema, "Unakumbuka?" Nikasema nakumbuka. Akaliachia.

Nilishuka. Nataka liandikwe vizuri: nilishuka. Kizimba cha chuma, ndiyo lifti ya mgodi, kilipoanza kuteremka, nilikishika kwa mikono miwili, nikaenda na wenzangu. Mwanga wa lango ukawa kama sahani, kisha kifungo, kisha haukuwepo. Hewa ya chini haikuwa baridi kama nilivyodhani. Ilikuwa vuguvugu, kavu, kama pumzi ya mtu aliyelala karibu yako. Nililamba midomo, nikakuta imeshakolea chumvi.

Kiongozi wetu alikuwa mzee mrefu wa Kiteksas aliyezungumza polepole. Alituonyesha kuta zenye mistari myeusi na myeupe, ikipinda kama nguo iliyokunjwa na mtu mwenye haraka. Alisema humu hakuna panya, hakuna mende, hakuna kinachooza. Chumvi inahifadhi kila kitu. Kisha akatupeleka kwenye chumba walimokula wachimbaji wa mwisho. Karatasi ya mkate ilikuwa bado mezani, imekunjwa. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia koti la mchimbaji, na mabega yake bado yamejaa, kama mwenyewe amejitoa humo kwa nyuma bila kulitikisa. Watoto waliokuwa wakichekana walisogeleana. Ng'ambo ya chumba kulikuwa na mnyororo, na nyuma yake njia nyeusi. "Huko hatuendi," mzee akasema. "Sakafu imekatika. Kuna shimo ambalo hatujui chini yake."

Ndipo akatuambia tuzime tochi, naye atazima taa, ili tujue giza la kweli. Mnadhani mmewahi kuona giza. Hamjaona. Usiku wa kambini una nyota, usiku wa Dallas una taa za magari. Giza lile lilikuwa na uzito, lilikukalia usoni. Nilifumba macho, nikafumbua, hakukuwa na tofauti. Nilirudi nyuma hatua kidogo, nikagusa nguo. Nilikuwa nimegusa lile koti. Lilikuwa na uvuguvugu.

Sikupiga kelele. Niliangusha tochi, nikaisikia ikibingirika mbali, nikapapasa ukuta na kuufuata upesi nikitafuta wenzangu, kumbe naizunguka kona na kuwaacha. Mzee aliporudisha swichi, taa za upande ule hazikuwaka. Nilimsikia akicheka kidogo, kisha hacheki. Alisema watoto washikane mikono wafuate taa ya kofia yake mpaka kwenye kizimba, na akaanza kuita majina. "Nesta!" aliita. "Nesta!" Nikabana midomo. Kwanza, hilo si jina langu. Pili, kulikuwa giza, na limeitwa mara mbili.

Nyayo zikaenda. Sauti za watoto zikawa ndogo, kisha zikawa kama maji kwenye bomba la jirani, kisha kimya. Kimya cha chumvi hakina mwangwi. Unasikia damu yako ikitembea masikioni. Nilijua nimeachwa. Nilijua nikipiga kelele sasa hivi huenda watanisikia. Nikafungua mdomo.

"Nestorii, wee!"

Lilikuwa jina langu lenyewe, na mkunjo wake wa nyumbani, na ile "wee" inayopanda. Halikutoka upande wa kizimba. Lilitoka nyuma ya mnyororo. Miguu yangu iligeuka yenyewe. Mguu umezoea, ukiitwa hivyo toka utotoni unakwenda kabla ya akili. Niligusa mnyororo kwa goti, nikausikia ukilia.

"Nestorii, wee!"

Nikasimama. Nilikuwa nimeshainua mguu kuuvuka ule mnyororo, nimeujaza mdomo "naam", na meno yakaushika ulimi. Nilingoja ya tatu. Enyi wa rika langu, sijawahi kutamani kitu maishani kama nilivyotamani kuitwa mara ya tatu na sauti ile. Haikuja.

Aliyekuja ni Mama Wambui. Aliomba taa ya mzee akarudi peke yake, na alipofika kwenye chumba cha kulia alisimama, kwa kuwa hata kwao kuna nyanya aliyefundisha mambo. Aliita kwa utaratibu, kila jina likikaa peke yake. "Nestori." Kimya. "Nestori." Kimya. "Nestori." Nikaitika, "Naam!" kwa sauti iliyopasuka, na mwanga ukaizunguka kona. Alinikuta mguu mmoja hewani. Hakunitania. Alinishika kwa kola ya koti la Baba Fiston na hakuniachia mpaka tulipoona jua.

Ndani ya basi nilimuuliza kwa nini aliita mara mbili kwanza, kisha akaanza upya. Alinigeukia. "Mimi nimekuita mara tatu pekee," akasema. "Nani alikuita kabla?"

Tulifika Vickery Meadow jua likizama. Bibi alikuwa jikoni. Alinivuta karibu, akaninusa kichwani, akasema, "Unanuka mchuzi uliozidi chumvi." Halafu akasema, bila kuulizwa, akikoroga maharage: "Leo mchana nimezeeka. Chumvi iliniishia, nikatoka barazani kukuita ukanunue. Nimekuita mara mbili, nataka kuita ya tatu, kikohozi kikanikaba. Nilipomaliza kukohoa nikakumbuka hupo." Nikamwambia yote. Mwiko ulisimama chunguni. Bibi alikaa chini sakafuni, akashika kifua chake kilichokohoa kama mtu anayeshika mtoto, akasema neno moja la kumshukuru Mungu kwa kile kikohozi. Tangu siku hiyo, hata mchana kweupe, Bibi hakuniita tena. Alikuwa akija mpaka nilipo, ananigusa bega.

Sasa nimekuwa mkubwa, na nasema bila haya kwamba mimi ndiye fundi wa taa za dharura anayetafutwa kutoka Dallas mpaka Houston. Zile taa zinazowaka zenyewe umeme unapokatika, mkiziona kwenye ngazi za majengo, mjue kuna mtoto wa Bibi nyuma yake. Niliporudi hapa na diploma, niliweka nadhiri ya kuwalipa walioniazima. Koti la Baba Fiston liliharibika kwa chumvi siku ile: kila mvua ilipokaribia lilitoa unyevu lenyewe kabatini, mpaka mkewe akakataa kulala nalo nyumba moja. Nikamnunulia jipya. "Si ile ile," akalalamika, akalivaa na joto la Agosti. Mama Wambui sasa anaishi Euless, mji wa jirani. Nyumba yake nimeifunga taa kila kona, akaniuliza kama nadhani yeye ni uwanja wa ndege. Kisha nikawachukua wote wawili, pamoja na binti wa dada yangu, twende mgodini. Nilitaka waone nikishuka kwa miguu yangu mbele ya macho yao. Bibi hakuwepo. Tulimzika Dallas majira ya baridi, mbali na kila alichokijua.

Mgodi haujabadilika, chumvi haikubali. Koti lipo msumarini. Kiongozi siku hizi ni kijana, na wageni wake hawajui giza ni nini, kwani alipoomba simu zizimwe binti wa dada yangu alinong'ona kwa Kiingereza kwamba yake ina chaji kidogo tu, kana kwamba ndilo tatizo. Sisi tulikwenda gizani tukiwa na majina yetu tu, na mtu aliyejua kuyaita. Hawa wana mwanga mfukoni, lakini sijui kama wapo wa kuwaita kwa sauti itakayowafikia chini.

Taa zikazimwa. Nikahesabu pumzi. Mama Wambui alikuwa kushoto, Baba Fiston nyuma akisonya.

"Nestorii, wee!"

Ilitoka pale pale, nyuma ya mnyororo. Hakuna mwenzangu aliyetikisika.

"Nestorii, wee!"

Nilijua ya tatu haitakuja. Haikuja zamani, na aliyeikata yuko kaburini. Nikamwona Bibi amesimama barazani mchana ule, chumvi imemwishia, anaita mjukuu asiyejibu. Wote niliokuwa na deni lao nilikuwa nimewalipa isipokuwa yeye, na alichonidai kilikuwa kidogo: kuitikiwa. Usikatae wito, alisema, kataa neno. Nikaishika nguzo ya chumvi iliyokuwa kando yangu kwa mikono miwili, nikaikaza miguu yangu sakafuni.

"Naam, Bibi," nikasema. "Nimesikia. Lakini siji."

Kulikuwa kimya. Kisha kwa mbali, upande ule wa shimo, mtu akakohoa, mara moja, kama aliyemaliza kazi. Taa zikawaka. Mama Wambui alikuwa ananitazama, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kola yangu.