Mpokeaji wa Setilaiti Yuko Mabela

"Ombi la Ruhusa ya Kushusha Shehena Nje ya Bandari": ndiyo fomu iliyokuwa mezani nilipokuwa nangoja zamu yangu katika ofisi moja ya serikali, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Shehena yenyewe ni setilaiti ndogo, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga, iliyomo ndani ya chombo cha mizigo kinachozunguka angani. Fomu ya mambo ya anga haijachapishwa bado.

"Ami, nna mpaka adhuhuri," mhandisi, binti aliyeitengeneza na wenzake, alimwambia afisa wa vibali. "Kibali kisipofika leo, wenye chombo hawataiachia. Chombo kitashuka nayo na kuungua nayo."

Afisa alimsogezea kikombe cha kahawa, kisha akaweka kidole kwenye nafasi tupu. "Mpokeaji nani?"

"Hakuna. Inaachwa huko huko juu."

"Mwanangu, mzigo hauachwi tu kama paka. Lazima mtu aupokee."

Binti akatazama saa. Afisa akatazama dari kwa muda mrefu, utadhani anakitafuta chombo chenyewe.

"Itapita juu ya mtaa wetu, Mabela?"

"Itapita, ami. Kila siku."

"Basi mwandike mamangu. Yeye hatoki nyumbani."

Akagonga mhuri. Nimesoma hoja nyingi za wanasheria wa anga. Hii sikupata kukutana nayo, wala sioni pa kuipinga.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa shida zangu, nikauliza. Setilaiti iliachiwa Alkhamisi. Jalada lingali wazi, linangoja saini ya mama.