Mshishi Uliotafunwa na Mbuzi

Sostenes alichimba dhahabu miaka kumi na tisa, na ukimwuliza mti wake wa kwanza ulikufaje, atakwambia bila kuficha kwamba aliuua mwenyewe, tena kwa ufundi. Mimi nashona nguo kibanda cha pili kutoka bustani yake ya maua hapa Kalangalala, Geita, na kifo kile nilikishuhudia. Sikumwonea huruma. Mtu anabishanaje na mkewe habari za mizizi, na mke ndiye mtoto wa mkulima?

Chanzo chake ni mbuzi. Kijijini kwao Samuye, Shinyanga, mama yake alikuwa na ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Humo, kwenye njia ya mbuzi, kulikuwa na miti miwili mifupi, haivuki magoti, lakini mashina yake manene kama paja. Kila ilipochipua, mbuzi walitafuna. Hakuna aliyejua ina umri gani. Watu waliiita visiki.

Mama alipofariki mwaka juzi, Sostenes alikwenda kuzika, akaiona. Akakumbuka picha za bonsai alizowahi kuziangalia kwenye simu, miti mizee inayoishi kwenye chombo chenye kina cha beseni. Ila huu ni mti gani? Akachuma jani, akatafuna. Uchachu ukamkunja uso. Mshishi! Ndivyo sisi Wasukuma tunavyouita mkwaju, na uji wa mama yake haukukosa ukwaju hata siku moja. Alilia pale pale, mbele ya mbuzi. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, mti mmoja wa mama ufike Geita ukiwa hai.

Muda haukuwa mwingi. Ngitili ilikuwa imemwangukia kaka yake, Mabula, na Mabula alishaamua kulima pamba.

"Ukivitaka hivyo visiki, vitoe kabla ya mvua," alimwambia. "Plau yangu haitazunguka kisiki cha mtu."

Mwezi wa saba Sostenes akaenda na sululu na moko, ile patasi ndefu ya wachimbaji. Akachimba kama alivyozoea. Kwa mchimbaji, udongo wa juu ni takataka. Unaukwangua, unautupa, macho yako yako chini kwenye mwamba. Basi mizizi yote myembamba ya juu aliikata akaitupa, akaufuata mzizi mkuu mpaka shimo likamfika kifuani. Akautoa mzima, mrefu kuliko yeye, akarudi nao akitembea kama aliyepata jiwe la dhahabu.

Mkewe, Asteria, aliuzunguka mti mara moja.

"Baba Goodness, ile mizizi myembamba iko wapi?"

"Nimeitupa. Ilikuwa inanizuia."

"Mti unakula kwa hiyo."

"Mama Goodness, mimi nimeanza kuchimba hata hujanijua."

Majani yalikauka siku ya sita. Mwezi wa tisa Sostenes alikwaruza gome kwa ukucha, akitafuta ukijani chini yake, kutoka matawini mpaka kwenye shina. Kahawia tupu. Akaja kukaa kibandani kwangu bila hata salamu.

"Uhai wake niliutupa kule kule shambani," alisema. "Nikabeba mkia."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Badala yake nikammiminia chai.

Ulibaki mti mmoja. Sostenes hakuwa mtu wa kuzira. Ili ajifunze, aling'oa vichaka sita vya barabarani, akakata mizizi mikuu, akalinda myembamba, akavipanda. Vinne vilikufa, viwili vikashika. Akagongelea kasha la mbao la kina kifupi, lenye matundu chini, akachanganya mchanga wa mtoni, changarawe na samadi ya zamani. Kwenye makarasha, wanakosaga mawe ya dhahabu, mchanga ulikuwa wa bure. Aliukataa.

"Ule umelala na zebaki," alisema. "Mama hakunipikia sumu."

Mwisho wa mwezi wa kumi mawingu yakaanza kujikusanya, na Mabula akapiga simu: Jumatatu analima. Jumamosi Sostenes na Asteria walikuwa Samuye. Safari hii alichimba kwa panga na vidole, akiuacha udongo ushikane na mizizi yake. Alipoufikia mzizi mkuu, Asteria anasema, panga lake lilianza kuufuata chini. Miaka kumi na tisa ilikuwa inamwambia ashuke. Akachukua msumeno, akaukata shubiri moja tu chini ya shina. Wakaufunga mti kwenye gunia bichi, naye akaupakata mpaka Geita.

Alipunguza matawi ili mizizi michache isielemewe, akalifunga shina kwa waya kwenye kasha lisitikisike, akauweka kivulini. Maji kiasi, mbolea hapana. Asteria akapiga marufuku ukucha kugusa gome. Wiki ya kwanza kimya, ya tatu kimya. Wateja wakawa wanauliza kile kijiti kinauzwa cha nini. Wiki ya sita chipukizi jekundu likatokeza, na Sostenes akapiga yowe hata nikashona mkono wa gauni kinyume. Sikumdai uzi wangu.

Mwezi wa pili Mabula alikuja mjini kumtembelea mdogo wake, nami nikasogea bustanini.

"Shikamoo, kaka," alisema Sostenes.

"Marahaba. Ndiyo kile kisiki?"

Akachuma jani bila kuomba ruhusa. Nilimwona Sostenes akikunja ngumi. Mabula akatafuna, uso ukamkunjika, akatafuna tena polepole.

"Mayu," alisema. Kwetu huyo ndiye mama.

Kisha Mabula akauliza, "Ule mzizi ulioukata uliubakiza ardhini?"

"Uko kule kule shimoni."

"Kuna kitu kinachipua pale, katikati ya pamba yangu. Nimekikata kwa jembe mara mbili na kinarudi. Nilidhani ni magugu." Akaitazama ngumi ya mdogo wake, iliyokuwa bado imekunjwa. "Kesho nikifika nakizungushia miiba. Mbuzi wasikiguse."