Filimbi ya Bukari

Nitajisifu kidogo mwanzoni, nisije nikalazimika kujisifu katikati. Nilikuwa dereva mzuri wa treni; mashinisti, kama tulivyoitwa Lubumbashi. Kikombe changu cha chai nilikiweka karibu na dirisha, kimejaa mpaka ukingoni, na niliposimamisha mabehewa stesheni hakikumwaga hata tone. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini ya Katanga akatandika reli hizo kwa mikono yake, nami nikaja kupita juu ya reli hizo hizo nimevaa kofia ya kazi. Nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko uhuru.

Siku zile za mashini za moshi, injini za makaa, kila mashinisti alikuwa na filimbi yake. Chuma kilikuwa kile kile, lakini mkono ulitofautiana. Kanuni ilitaka mlio mmoja mrefu kila mahali barabara inapokata reli. Ukishatimiza kanuni, ulikuwa huru kuongeza la kwako. Mimi nilipiga mbili fupi na moja ndefu, na ile ndefu niliilegeza mwishoni ishuke polepole, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Niliipiga alasiri, treni ilipotoka upande wa Naviundu ikikaribia Bel-Air, tulikokaa. Mke wangu akiisikia anateleka maji ya bukari, ugali wetu wa mahindi. Hadi nikabidhi mashini na kutembea nyumbani, bukari imeshaiva. Majirani walimtania kwamba ameolewa na filimbi, naye aliwajibu kwamba filimbi angalau hairudi imelewa.

Ilikuwa miaka ile Katanga ilipojitenga na kujiita nchi, ikapandisha bendera yenye misalaba ya shaba. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari. Watu wenye asili ya Kasai, wengine waliozaliwa mtaa mmoja na mimi, waliambiwa warudi kwao, mahali ambapo hawakuwahi kupaona hata kwenye picha. Treni ilitembea hata hivyo. Asubuhi niliwapeleka wafanyakazi na mizigo upande wa Ruashi, alasiri nikawarudisha mjini.

Alasiri moja ya kiangazi mtu mmoja alisimama kwenye reli, karibu na njia ya miguu ya Naviundu, akiwa amekusudia kufa. Sitasimulia zaidi ya hapo, kwa sababu sioni faida yake kwa yeyote. Nilimwona, nikapiga filimbi, nikafunga breki kwa nguvu zangu zote, na treni si baiskeli. Chai yote ilimwagika. Mwenzangu wa kutia makaa, mtu mzima aliyenizidi miaka kumi, ndiye aliyeshuka kwanza. Aliporudi alinivulia kofia yake, nami nikaelewa.

Ofisini shefu, mkubwa wetu wa kazi, alitoa karatasi. Maswali yalikuwa mengi lakini moja tu lilikuwa na uzito.

"Ulipiga filimbi?"

"Nilipiga."

Akaandika. Akakausha wino. "Basi kosa si lako. Kesho unaanza saa zile zile."

Nadhani aliona amenipa zawadi. Hakuuliza kama ninaweza kusimama. Niliweza kusimama, lakini angeuliza tu, ni adabu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu bila filimbi. Mke wangu nilimkuta mlangoni anachungulia barabara, jiko limepoa. "Leo ulipita wapi?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba nimechoka, na hilo ndilo jibu nililompa kwa wiki nyingi zilizofuata.

Kazini wazee walinipiga bega. Mmoja, aliyekaribia kustaafu, aliniambia: "Kila mashinisti iko na muntu wake. Utazoea." Nikashangaa. Nilifanya kazi nao miaka yote ile, tukacheka na kugombana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia mtu wake. Kumbe walikuwa wakiendesha hivyo hivyo, kila mtu na marehemu wake kifuani.

Mimi sikuzoea. Nilimkasirikia yule mtu. Dunia yote hii, treni zote hizi, ukanichagua mimi? Halafu niliona haya kumkasirikia maiti, halafu nikakasirika upya. Kisiki kando ya reli nilikiona mtu. Gunia lililoanguka nililiona mtu. Nilifunga breki mara nyingi bila sababu, abiria wakagongana vichwa na kuuliza ni nani aliyempa huyu leseni. Filimbi ya kanuni niliipiga, kwa sababu ilinibidi. Ile yangu mkono ulikataa. Mke wangu akawa anakisia saa ya kuteleka, na tukala bukari mbichi au iliyopoa, bila kuzungumza. Niliona wazi kwamba nikiendelea hivyo nitaomba kuhamishiwa kufagia karakana, na sikuzaliwa kufagia karakana.

Kisha akatokea mwanamke.

Alisimama asubuhi hatua chache kutoka kwenye reli, pale pale penye njia ya miguu, amevaa nguo nyeusi ya msiba. Siku ya kwanza nilipita nikiwa nimefumba macho, kosa ambalo mashinisti hatakiwi hata kulikiri. Siku ya pili alikuwepo. Ya tatu pia. Hakusogea mbele wala nyuma. Aliinua uso tu kuitazama mashini. Nilikuwa na hakika amekuja kufanya alichofanya yule mwingine, na kwamba anatafuta ujasiri.

Nilimwambia shefu. Akasema: "Piga filimbi." Nilimwambia mwenzangu wa makaa. Yeye alikuwa ameulizia mtaani, akanijibu kwa sauti ya chini: "Sikia, ndugu yangu. Ule mama ni wa Kasai, na ule alikufa alikuwa wa Kasai. Weye uko Mukatanga. Siku hizi bantu wanasema bintu mingi. Pita tu."

Kwa kweli alikuwa na haki ya kuogopa. Uvumi kwamba Mkatanga amemwua mtu wa Kasai ungeweza kuchoma nyumba. Lakini niliwaza kwamba nikipata mtu wa pili, sitapanda tena mashini maisha yangu yote. Siku ya sita nilianza kupunguza mwendo mapema, taratibu, nikaisimamisha treni nzima mbele ya mwanamke yule. Kikombe hakikumwagika. Nikashuka.

"Jambo, mama."

"Jambo, baba."

"Mama, hapa hapana mahali ya kusimama. Treni haina macho."

"Treni haina macho," alisema, "lakini weye uko nayo. Njo ile nakuyaka kutafuta."

Kumbe asubuhi zote zile alikuwa anakuja kutafuta macho yangu. Abiria walishaanza kutoa vichwa madirishani.

"Ule alikufa hapa alikuwa bwana yangu," aliendelea. "Bantu yote wananiambia: treni, treni. Hapana muntu ananiambia nani alimuona. Ni weye ulimuona?"

"Ni miye, mama."

"Alivala koti?"

"Koti ya kaki. Alifunga bifungo yote."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Kifungo cha juu, alisema, alikishona yeye mwenyewe wiki ile. Kisha akaniuliza swali lile lile la ofisini, neno kwa neno.

"Ulipiga filimbi?"

"Nilipiga, mama! Tangu mbali. Nilipiga mpaka mukono ikaniuma."

Akageuza uso kutazama reli. Nilidhani ameudhika na ukali wangu. Aliposema tena, alikuwa bado anaitazama reli.

"Ile siku nilikuwa ku soko. Batoto ku masomo. Ndugu zake wote walishaenda Kasai. Usiku sinalala, nawaza: alikufa, na hapana muntu alimuita." Akanigeukia. "Basi weye ulimuita."

Nililia. Nimevaa kofia ya kazi, mbele ya mabehewa mawili ya wafanyakazi wanaochelewa, nililia kwa sauti. Kwenye karatasi ya ofisi filimbi yangu ilikuwa ushahidi. Kwa mama huyu ilikuwa sauti ya mtu. Naye alilia pia, kisha akajifuta kwa pembe ya kitambaa na kuniambia kama dada mkubwa: "Enda, baba. Bantu wanachelewa."

Kabla sijapanda nilimwuliza kama anajua kwa nini. Watu walikuwa na majibu yao: kazi aliyonyang'anywa, safari ya Kasai, aibu. Yeye alisema: "Sijue. Wengi walifukuzwa ku kazi, na beko wazima mpaka leo." Tangu hapo sikumwamini tena mtu anayekuja na sababu moja mkononi.

Kwenye ripoti niliandika kwamba mbuzi walikuwa wamelala kwenye reli. Mbuzi wa Naviundu walinifaa sana mwaka ule.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu kila kitu, kuanzia koti mpaka kifungo. Alisikiliza hadi mwisho, akanipiga kofi dogo begani, kwa wiki zile zote nilizokaa kimya, kisha akanishika mkono. Nikamwomba ruhusa. Nilitaka kuitumia filimbi yake kule Naviundu pia, kwa yeyote atakayesimama peke yake kwenye reli.

"Na miye nitajua namna gani kama ni yangu?"

"Ku Bel-Air nitaongeza moja fupi."

Alifikiri kama mtu anayeombwa sufuria ya kuazima. "Sawa," alisema. "Lakini ile fupi usiisahau."

Mjane naye, nilipomweleza kesho yake, alikuwa na wazo lake. Aliweka meza ndogo kwenye njia ile ya miguu, akauza chai na mikate ya kukaanga kwa wafanyakazi wanaokata reli. Tukapatana hivi: nikimwona mtu yuko peke yake kwenye reli, au amekaa kando kwa namna isiyonipendeza, nitapiga ile ya bukari, mbili fupi na moja ndefu, na kufunga breki. Yeye ataacha meza yake aende kumsalimu. Basi. Hakuwa mganga wala padri. Atamwambia: "Jambo, baba, kuya tukunywe chai," na atakaa naye mpaka chai iishe, kisha atamsindikiza kwa watu wake. Niliwaambia mashinisti wengine. Wawili walicheka. Yule mzee aliyekaribia kustaafu hakucheka. Aliniomba nimfundishe mlio, na akiwa anajaribu kuupata alinisimulia habari za mtu wake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nadhani.

Mara nyingi tulikosea. Mama alimkimbilia fundi aliyekuwa anafunga kamba za kiatu, na mlevi mmoja aliyefurahia chai hata akarudi kesho yake kukaa pale pale. Mama alimfukuza kwa mwiko. Sikujali. Heri nikosee mara mia kwa namna hiyo.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja, nilimwona mwanaume mbele yangu, mbali, kwenye reli. Sikuwa na shaka. Nilikuwa nimeshapunguza mwendo, kama nilivyozoea mahali pale, na nikapiga. Mbili fupi, moja ndefu. Niliilegeza mwishoni kama zamani. Yule mtu aligeuza kichwa. Kutoka kwenye njia, mama alikuwa anakuja, hakimbii, anatembea upesi huku amenyoosha mkono mmoja. Mtu yule akatoka kwenye reli, hatua mbili, tatu, akaenda upande wa mama. Nilisimamisha treni nikawangoja; nilipopita alikuwa amekaa kwenye gogo ameshika kikombe kwa mikono miwili, na mvua inawanyeshea wote wawili. Mwenzangu wa makaa, yule aliyeniambia nipite tu, alivua kofia na kuwapungia.

Hadithi ingeishia hapo ningeridhika. Lakini miezi michache baadaye, stesheni ya mjini, abiria mmoja alishuka behewani, akatembea mpaka mbele na kusimama chini ya dirisha langu. Alikuwa amenyoa vizuri, ana kifurushi kwapani. Sikumtambua mpaka alipotaja filimbi.

"Baba, ni weye unapigaka ile filimbi? Ile ya kushuka-shuka ku mwisho?"

"Ni miye."

Aliona haya kidogo. "Bantu wananiambia ni ya kuita bukari ku bibi yako. Miye ile siku nilizani unaniita miye."

Ningeweza kumtania, ulimi wangu haukosi neno. Nilishuka ngazi zote tatu, nikamshika mkono.

"Ndiyo," nilimwambia. "Nilikuwa nakuita weye."