Tano ya Mianzi ya Bwana Minobe

Bwana Minobe Tokuji, mshona mikeka ya tatami hapa Tsuruoka, hatupi kibao cha tano ya mianzi anapocheza mahjong. Kibao hicho kikimjia anakisogeza kushoto kabisa mwa safu ya vibao vyake, na hapo kitakaa hata kama kimemvurugia mchezo mzima. Watu wanamtania: ukiihitaji tano ya mianzi usiingoje kwa Minobe, utaota mvi. Mimi sicheki. Mimi ni kinyozi wake tangu alipokuwa na nywele za kunyoa, na najua kinachomla.

Miaka kumi na minne iliyopita, katika ukumbi wa mahjong wa Iwao, jirani na duka langu, Minobe alikitupa kibao hicho bila kufikiri, huku akitafuna achari ya figili. Iwao, mwenye ukumbi, akavilaza vibao vyake mezani taratibu.

"Ron," alisema, neno la anayeshinda kwa kibao alichotupa mwenzake. "Hicho ndicho nilichokuwa nakingoja."

Tukainama kutazama. Mianzi mitupu: moja tatu, tisa tatu, na kila namba iliyo katikati, pamoja na ile tano ya Minobe. Mkono huo wa vibao unaitwa Milango Tisa. Wapo waliozeekea mezani hawajaiona kwa macho. Na kwa kuwa ni ushindi mkubwa kupita kiasi, watu wetu wanauogopa. Wanasema anayeupata amemaliza bahati ya maisha yake yote kwa siku moja, na hana tena ya kuishi nayo.

Tulipiga picha ya vibao, kama ilivyo desturi, tukaibandika ukutani. Chini yake tukaandika jina la mshindi na jina la aliyemtupia. Theluji haijayeyuka, Iwao akafa.

Hakuna aliyemnyooshea Minobe kidole. Alijinyooshea mwenyewe. Alikwenda kubadilisha mikeka ya chumba alichofia Iwao, akakataa malipo, na tangu hapo hakuwa yule yule. Siku moja, akiwa kwenye kiti changu na sabuni shavuni, aliniambia kwamba akishona peke yake karakanani husikia kibao kikiwekwa mezani nyuma yake. Kimoja tu. Akigeuka, hakuna meza.

"Ni panya hao, Bwana Minobe," nilimwambia.

"Panya hawana adabu kiasi hicho, dada. Anakiweka polepole."

Tangu siku hiyo nami sipendi kubaki peke yangu dukani.

Hata hivyo hakuacha kucheza. Kila Jumamosi mchana alikuja kuketi chini ya ile picha yenye jina lake, na kila Jumamosi alishindwa. Mara moja aliomba ibanduliwe. Mama Kikue, mjane wa Iwao aliyeurithi ukumbi, akamjibu bila kuinua macho, "Ukuta ni wa Iwao. Picha inabaki." Niliona ni ukatili, lakini nilinyamaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi, Jumamosi moja ya Februari tulikuwa wanne mezani: Minobe, Mama Kikue, mzee Haga aliyewahi kuwa tarishi wa posta, na mimi. Jiko la mafuta ya taa linanguruma. Mama Kikue alikuwa akitupa vibao vya maandishi, vya duara, vya upepo, lakini wa mianzi hakutupa hata kimoja.

"Mama, leo unapanda msitu?" Haga akamtania.

Hakuna aliyecheka. Minobe akaokota kibao, na mkono wake ukaenda kushoto. Sote tukajua ni kipi. Akatupa kingine, kibao cha maana ambacho mtu mwenye akili zake asingekitupa.

"Itupe," Mama Kikue akasema.

"Nini, Mama?"

"Tano yako. Itupe, Tokuji."

Minobe akatikisa kichwa.

"Sikiliza," alisema Mama Kikue. "Iwao alikuwa anatapika damu tangu vuli. Daktari alishamwambia hatauona mwisho wa baridi. Ndiyo maana aliukimbilia ule mkono. Aliniambia, kama nakufa, basi nife jina langu liko ukutani."

Haga alijitia kutazama kikombe chake cha chai.

"Ulijua," alisema Minobe.

"Nilijua."

"Ukaniweka hapa, chini ya picha, miaka yote hii."

"Nilitaka awepo wa kulaumiwa. Wewe ulishajitolea." Akanyoosha safu ya vibao vyake. "Sasa nimechoka kukutazama. Itupe, yaishe."

Nilidhani Minobe atalia, na nilikwisha kufurahi kwa ajili yake. Lakini uso wake ulikuwa ukipanda wekundu kutoka shingoni. Sijawahi kumwona na hasira kabla ya siku ile. Akaishika tano ya mianzi, akaipiga mezani hadi vikombe vikaruka.

Mama Kikue akavilaza vyake. Moja tatu, tisa tatu, na yote ya katikati.

"Ron," alisema kwa upole. "Unaona? Ni vibao tu. Mimi nitakufa siku yangu ikifika."

Haga akainuka kwenda kuchukua kamera, kwa mazoea, kisha akaketi tena.

Nilitoka pamoja na Minobe. Theluji ilikuwa inaanguka nyembamba.

"Umetuliwa mzigo, Bwana Minobe," nilimwambia. "Nenda kapumzike."

Akasimama katikati ya njia.

"Ile ya kwanza nilitupa sijui, dada. Hii ya leo nilijua ana nini mkononi." Akaugeukia mlango wa ukumbi. "Niliitupa nikitaka imuue."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla hajafungua karakana, Minobe husimama ng'ambo ya barabara akiutazama mlango wa bati wa ukumbi. Mama Kikue akiuinua, yeye huinamisha kichwa na kwenda zake. Jana ulichelewa. Nilimwona kupitia dirisha langu, theluji imemjaa mabegani, midomo inatembea, na nikaogopa kutoka. Mlango ulipoinuka hatimaye, na Mama Kikue akatokeza na ufagio wake, Minobe aliketi palepale kwenye theluji, mtu mzima, akalia.