Skonzi za Mwisho za Madamu Pringle

Madamu Pringle alikuwa mtu wa Kepi, kule kusini kabisa, na kwao mwezi wa tano majani ya miti hupukutika. Hapa Élisabethville, mji wa shaba wa Kongo, mwezi wa tano majani hayana habari. Mvua imekwisha, baridi inaanza kuuma asubuhi, vumbi jekundu linapanda mpaka madirishani, lakini miti iko kijani vilevile. Haidhuru. Madamu alikwisha kukata shauri kwamba ni majira ya majani kupukutika, na nani angembishia? Kila mwaka, Jumapili moja ya mwezi huo, aliwaita rafiki zake wale chakula cha asubuhi barazani, wamevaa masweta, wanakunywa chai, wanajifanya wako kwao.

Na juu ya meza, katikati, skonzi. Ni vimkate vidogo vya mviringo, vya unga wa ngano na siagi na maziwa ya mgando, ndani yake zabibu kavu. Aliyezioka alikuwa Adalbert Kapya, mpishi wa nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja. Madamu alimfundisha mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu mwanafunzi alikwisha kumpita mwalimu. Zabibu zilipopungua madukani, Adalbert alikata mapera vipande vyembamba, akayakausha juu ya paa la jiko, akayachanganya na zile zabibu chache. Tangu siku ile wageni waliuliza skonzi kabla hawajauliza hali ya mwenye nyumba. Madamu aliwaambia ni siri ya mama yake. Adalbert aliyasikia hayo akiwa amebeba sinia, akaendelea kugawa.

Mwaka ninaousema ni ule wa thelathini na moja, mwaka mbaya. Shaba haikuwa na mnunuzi. Watu waliofukuzwa kazi walipakiwa kwenye mabehewa na kurudishwa vijijini kama mizigo iliyokosewa anwani, na safari hii hata Wazungu walifungasha. Bwana Pringle naye alikuwa amepata barua yake. Ijumaa angepanda gari moshi la kusini na mke wake, na nyumba ingechukuliwa na Mbelgiji mmoja, Bwana Dupréelle, mtu mnene mwenye adabu zake, asiye na mke, apendaye kula.

Bwana Dupréelle alikwisha kumkubali Ngosa, mfuaji nguo. Kuhusu mpishi alisema, "Nitaonja kwanza." Angeonja Jumapili, kwenye hizo skonzi.

Sasa ni lazima ujue kilichokuwa kinamngoja Adalbert. Wakati ule mtu mweusi asiye na bwana wa kumwandikia hakuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Kazi ikiisha, kibali kinaisha, na wewe unaisha. Lakini si hilo tu. Wiki tatu kabla, mke wake Agnès alikuwa amekufa kwa homa ya mapafu, akaacha mtoto mmoja, Virginie, mwenye miaka tisa, aliyekuwa anasoma kwa masista. Kwa watu wa Agnès, wale wa upande wa Kasenga, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kaka yake Agnès, Nkandu, alikuja mazishini na lori la samaki, akakaa matanga yote, na siku ya kuondoka akamwambia shemeji yake Adalbert bila ukali wowote:

"Mulamu, kama uko na kazi na nyumba, mutoto abaki hapa asome. Bantu ba nyumbani batakubali. Lakini kazi ikiisha, tutakuja kumukamata, tumupeleke kwetu. Usituone babaya."

Hakuwaona wabaya. Ndiyo desturi, naye mwenyewe asingeweza kuitetea njia nyingine mbele ya wazee. Ila alikuwa amebaki na mtoto yule tu. Alikuwa akimsuka nywele asubuhi kwa mikono yake ya kukandia unga, vibaya, mashada yanakwenda kila upande, na masista walikuwa wakiyafumua. Kumpoteza Virginie kulikuwa kumzika Agnès mara ya pili.

Madamu hakujua kitu. Siku ya mazishi Adalbert aliomba ruhusa akisema ana jambo la nyumbani, basi. Wazungu walikuwa na mzaha wao kwamba kila mtumishi ana bibi kumi na wawili, na wote hufa siku ya Jumatatu. Hakutaka Agnès aingizwe kwenye mzaha huo.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa macho ya mgeni, kubwa kwa mwenye nalo. Mgane ambaye bado hajatakaswa hashiki moto wa mafiga wala hatii chumvi kwenye chakula cha wengine. Chumvi ya mkono wake inamwingia mlaji kifuani, anakohoa mpaka anamalizika. Utakaso wenyewe hufanywa na ukoo wa marehemu, nao hauna haraka, huenda mwaka. Wazee wa Cité, mtaa wa watu weusi, walikaa wakalizungumza hilo suala la mpishi. Wakasema jiko la chuma la Mzungu si mafiga, moto wake ashike tu, asije akafukuzwa. Ila chumvi asiguse. Wala asionje alichowapikia wengine.

Kwa hiyo kila siku Julienne, mke wa Ngosa, waliokaa kwenye chumba cha uani, alikuja jikoni kabla ya chakula, akatia chumvi kwenye masufuria, akatoka. Hakuulizwa, hakushukuriwa kwa maneno mengi. Alikuwa mwanamke wa kufanya jambo na kupita. Wiki tatu nzima Wazungu wale walikula chumvi ya Julienne na hawakukohoa hata mara moja.

Jumapili ile Adalbert alifika kabla jua halijatoka, meno yanagongana kwa baridi. Aliwasha kuni, akaliacha jiko lishike joto. Akachekecha unga na poda ya kuumulia, akaivunja siagi ndani yake kwa ncha za vidole, upesi upesi isipate kuyeyuka, mpaka ikawa chengachenga. Akatia sukari, zabibu, mapera. Ikabaki chumvi, halafu maziwa. Akamtazamia Julienne. Julienne hayupo, mwanawe alikuwa ameamka na tumbo, kilio kilisikika uani. Maziwa ya mgando hayapendi kungoja, na wageni wangefika saa mbili. Adalbert alimwona Ngosa anapita na vitambaa vya meza, akamwita.

"Ngosa, unisaidie. Utie chumvi humu. Kijiko kimoja kidogo, usipitishe."

"Na Julienne?"

"Iko na mutoto. Tia tu."

Ngosa akatia kijiko kimoja, sawasawa, akakoroga, akaenda zake barazani. Adalbert akalitazama jiko: kuni zimepungua. Akafunika bakuli kwa kitambaa, akatoka kwenda nyuma ya nyumba kupasua nyingine mbili. Hakukaa sana. Aliporudi alimimina maziwa, akakanda kidogo tu, akasukuma, akakata mviringo kwa bilauri, akazipaka yai juu. Akarusha chembe ya unga ndani ya jiko kupima joto. Ikageuka kahawia taratibu, kama inavyotakiwa. Akaziingiza.

Zilitoka nzuri, bwana. Zimeumuka, zimepasuka ubavuni kidogo, juu zinang'aa, harufu ya mapera imejaa jikoni. Miaka yote alikuwa akila moja kwanza, ile iliyokaa vibaya kwenye sinia. Ndiyo ilikuwa haki ya mpishi. Sasa ilikuwa mwiko. Aliitazama ile moja iliyopinda, akaiacha ilipo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi moyo wake umetulia. Virginie atabaki. Alilisema kwa sauti, peke yake jikoni.

Alizipeleka mwenyewe, akarudi akasimama nyuma ya mlango wa baraza, pale penye ufa. Bwana Dupréelle alichukua moja, akaipasua, akaipaka siagi na jamu, akauma nusu nzima kama mtu anayejua raha. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Macho yakamtoka polepole. Akainua kitambaa mdomoni, akatema ndani yake kwa adabu zote, akanywa chai kikombe kizima.

"Madamu," alisema, "nadhani mpishi wako amechota maji ya bahari."

Wageni wakacheka, wakaonja, wakaacha kucheka. Madamu Pringle alikula yake mpaka mwisho, uso mwekundu, kwa sababu hakutaka mtu aseme hakuila. Hakuna aliyechukua ya pili. Wakati wa kuaga Bwana Dupréelle alimshika Madamu mkono, akamwambia asijali, atatafuta mpishi mwingine, wako wengi siku hizi.

Adalbert alirudi jikoni. Alikaa juu ya sanduku la unga. Hakuelewa. Kijiko kimoja! Alimwona Ngosa kwa macho yake. Wakati huo Julienne akaingia, mtoto amelala mgongoni, anafuta mikono kwenye kitenge.

"Baba Virginie, unisamehe, leo nilichelewa," alisema. "Nilifika, hukukuwa. Nikaona unga iko tayari. Nikatia chumvi. Nilitia ya kutosha, sababu unga ilikuwa mingi."

Mkono wa Julienne ulikuwa mkono wa sufuria la maharagwe. Alichota kwa kiganja.

Adalbert alitaka kumpigia kelele. Alitaka kukimbia barazani aseme, si mimi, ni huyu, na mume wake pia. Halafu akamwona yule mtoto mgongoni, mdomo wazi, kalala. Ngosa alikuwa amekubaliwa na Mbelgiji. Neno moja tu, nao wangekuwa njiani na vyungu vyao kichwani, kwa kosa la kumhurumia mgane.

"Aksanti, mama," akasema. "Ulifanya muzuri."

Julienne akaenda zake, ameridhika.

Madamu alikuja wageni walipokwisha kuondoka. Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. Alisimama mlangoni, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Adalbert, miaka kumi na moja. Kwa nini leo?"

Akitaja chumvi, angeulizwa ni mpishi gani asiyegusa chumvi. Akitaja mikono iliyoitia, angewamaliza wenzake. Alitafuta uongo, hakuuona, na mdomo ukasema wenyewe:

"Madamu, muke wangu alikufa."

"Lini?"

"Wiki tatu."

Madamu Pringle alifunika mdomo kwa mkono. Akalia, akalia kweli, machozi ya mtu ambaye naye anafungasha nyumba yake. Alimuuliza jina la marehemu. Miaka kumi na mmoja, ndiyo mara ya kwanza kumuuliza. Akasema angeambiwa mapema, angejua la kufanya. Akasema asihofu, atamwandikia kwenye buku lake la kazi maneno mazuri kuliko aliyopata kumwandikia mtu yeyote. Adalbert akashukuru kwa mikono miwili. Na hapo, mjinga wa watu, akaanza tena kutumaini: kwa maneno mazuri mtu aliweza kupewa siku kumi na tano za kutafuta bwana mwingine.

Madamu aliandika usiku kucha, au karibu. Ukurasa mzima, kwa Kifaransa, mumewe akimsahihisha. Adalbert alisoma Kiswahili cha misheni, Kifaransa hakukijua. Jumatatu alilipeleka buku kwenye ofisi ya vibali akiwa amelifunga kwenye kitambaa safi. Karani, kijana mmoja mpole jina lake Léonard, alimsomea kwa kutafsiri, taratibu, huku akitikisa kichwa kwa kuvutiwa.

"Mpishi bora, mwaminifu, hajawahi kuiba. Mke wake amefariki, na huzuni imemlemea hata hawezi tena kazi yake. Anastahili kurudi kwao, kwa watu wake, akapumzike. Tunaiomba ofisi imsafirishe haraka iwezekanavyo."

"Siku kumi na tano?" Adalbert aliuliza.

"Za nini, baba? Umeombewa kusafiri. Uko na bahati, wengine banaenda kwa miguu." Léonard akapiga muhuri: kuondoka Jumamosi.

Kwao! Kijiji kilichoandikwa bukuni alikitoka akiwa mgongoni kwa mama yake. Mama alikufa, kijiji chenyewe kilihamishwa, na hapakuwa na mtu kule ambaye angemtambua kwa sura. Watu wake walikuwa wawili, mmoja udongoni na mmoja kwa masista.

Nkandu alifika Alhamisi; habari za mjini hufuata malori ya samaki. Alilichukua buku, akamwomba jirani amsomee, akalikunja vizuri na kulirudisha.

"Bamekuandikia muzuri, mulamu," alisema, na alimaanisha.

Virginie hakulia. Alifikiri anakwenda kwa bibi yake kwa likizo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Adalbert alimsuka kwa mara ya mwisho, akakawia makusudi, akafumua, akasuka tena. Kisha wakatembea watatu kwenda sokoni, Nkandu na kifurushi, Adalbert na mkono wa mtoto.

Kwenye kona ya duka la mwisho Nkandu alisimama. Akamtuma Virginie atangulie akachague pa kukaa kwenye lori, halafu akageuka, macho chini.

"Hapa inatosha. Unajua wewe mwenyewe. Mugane hasindikizi muntu wa safari."

Adalbert alijua. Aliushusha mkono uliokuwa umemshika mtoto, akarudi nyuma ya ukuta wa duka. Virginie hakuwa ameambiwa. Alipanda juu ya magunia matupu ya samaki, na lori lilipoanza kunguruma alisimama, akainua shingo, akamtafuta baba yake katikati ya watu waliokuwa wanaaga. Alimtafuta upande huu na upande ule. Baba yake alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, amejibana ukutani asionekane, asije akamletea mtoto mabaya njiani.