Ngwe Inayojikata Yenyewe

Zamani, katika mashamba ya mkonge ya Kilosa, mtu akiuguliwa na mzazi aliondoka. Alimweleza mnyapara, wenzake wakagawana ngwe yake, sehemu ya shamba aliyopimiwa kukata siku hiyo, na jua likizama ilikuwa imekatwa. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi, desturi hiyo ilitupwa pamoja na kengele ya korona, kiwanda cha kuchakatia mkonge. Wakubwa wapya wakaita hayo ufanisi.

Lukasi aliziona zama zote mbili. Alianza na panga, akajifunza kompyuta, na sasa ngwe yake ilikuwa mashine moja ofisini. Ndani yake mlikuwa na hifadhidata ya urefu wa majani ya mkonge, kitalu kwa kitalu. Meneja Lupakisyo alitaka kila siku kujua urefu wa katikati, ule ambao nusu ya majani yameuzidi na nusu hayajaufikia. Hifadhidata ilijua kutunza namba. Kutafuta katikati haikujua. Eksel, programu ya mahesabu, ilijua. Basi Lukasi akaandika maagizo ndani ya hifadhidata, yaiite Eksel kimyakimya nyuma ya kioo, yaipe namba, yapokee jibu.

Jibu lilikuja, lakini Eksel iliyoitwa haikuondoka. Kila kitalu kiliita nyingine, zikarundikana bila kuonekana, na kabla ya adhuhuri mashine ikaganda. Aliyejua kuziondoa alikuwa Lukasi peke yake.

Habari ikaja kutoka kijijini kwao Mvumi: baba yake, mzee Tomasi, yuko kitandani hajiwezi, anamuulizia. Lukasi akaomba ruhusa.

"Na mashine aiangalie nani?" Lupakisyo akauliza. "Ikipona, nenda."

Perpetua, karani wa meza ya pili, akaguna. "Kaka Lukasi, mbuzi hufungwa kamba na mfugaji. Wewe umejifunga kwa mikono yako. Si nilikuomba unifundishe?"

Ni kweli alimficha. Tangu shamba liuzwe, kila ambaye kazi yake iliweza kwenda bila yeye aliitwa kwa meneja, akatoka bila kazi. Dawa ya mashine Lukasi aliijua siku nyingi: mstari mmoja tu, wa kuiamuru Eksel ijifunge ikishatoa jibu. Hakuuandika. Ugonjwa wa mashine ndio uliokuwa ukimpa ugali.

Habari ya pili ikaja: mzee sasa anakataa hata uji. Lukasi akauandika ule mstari.

Adhuhuri ikapita, mashine inakwenda. Lupakisyo akasimama mlangoni. "Leo haijaganda?"

Angeweza kusema ni bahati. "Imepona, bosi."

"Kwa hiyo haikuhitaji tena?"

Perpetua akainamia makaratasi yake.

"Hainihitaji."

"Basi nenda kwa mzee. Ukirudi, pitia kwangu kwanza."

Huko Mvumi, Lukasi alimkuta baba yake amefumba macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee akafumbua jicho moja. "Ngwe yako wanaikata kina nani?"

"Inajikata yenyewe, baba."

Mzee akakunja uso, kama mtu asiyesikia vizuri. "Wamekupa siku ngapi?"

Lukasi akavuta bakuli la uji karibu.

"Zote."